Kicheko Kiko Nyuma Yako

Kazini walimwita Masikio. Miaka kumi na miwili alichanganya sauti za vichekesho vya runinga katika chumba kisicho na dirisha, chenye spika tatu mbele, mbili nyuma, na moja sakafuni ya kutetemesha viti. Maneno ya waigizaji aliyaweka mbele. Vicheko aliviweka nyuma, kushoto na kulia, kwa imani ambayo wengine huitunzia dini: ukisikia watu wanacheka nyuma yako, unajihisi uko nao, wakicheka mbele yako, wanakucheka wewe. Yeye mwenyewe hakucheka. Mpishi naye hushiba harufu.

Mama yake, mjane mwenye ulimi wa wembe, hakuacha kumuuliza hapo kazini anafanya nini hasa. Kila akielezwa aliitikia kwa upole, kama anayemsikiliza mgonjwa. Majirani aliwaambia mwanawe ni fundi umeme. Hilo angalau linaeleweka.

Masikio akaapa kwamba safari hii mama ataisikia kazi yake. Katika kipindi kipya, mzee mmoja anajiandalia sherehe ya kustaafu, anapanga viti ishirini, na hatokei mtu. Vicheko vya hapo alivihangaikia siku tisa. Jumapili mchana akaenda kukitazama kipindi hicho kwa mama.

Runinga ya mama ilikuwa na spika moja, na ilitoa sauti za mbele tu. Masikio hakuwahi kuwaza kwamba kuna watu wasio na spika nyuma ya kochi.

Kwenye runinga mzee akapanga viti. Kimya. Akajipigia makofi. Kimya. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Masikini wa Mungu," akasema. "Na kazi yako hapo ni ipi?"

"Kicheko, Mama."

"Kiko wapi?"

"Nyuma yako."

Mama akageuka taratibu, akautazama ukuta, kisha akamtazama mwanawe. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Miaka yote hii, baba, unauchekesha ukuta?"

Hakungoja jibu, alikwishaingia nyumba ya pili. Masikio akabaki kwenye kochi, na kupitia ukuta uleule akamsikia akiwasahihisha majirani: mwanawe si fundi umeme hata kidogo, ni mtu wa kupanga vicheko. "Havisikiki," akasema kwa fahari, "lakini anavipanga vizuri sana."

Majirani wakaangua kicheko. Kilimfikia kutoka nyuma, kushoto na kulia, sawasawa kabisa. Akawa mwangalifu asigeuke.