Ndege wa Miguu Mitatu

Wiki iliyopita nilikwenda Bwera kununua ukuta. Usicheke kwanza. Mimi ni mwanamke wa soko la Mpondwe, pale mpakani. Nimenunua maharage yaliyolowa, vitenge vilivyoungua pembeni, hata jogoo kipofu, na kila kimoja nilikiuza tena kwa faida. Lakini ukuta wa udongo, tena kipande tu kando ya mlango, sikuwahi kuununua wala kusikia mtu aliyewahi. Mwenye kiwanja mpya, kijana anayetaka kujenga duka la matofali, alikuwa amekwisha kung'oa mabati. Nyumba imesimama kichwa wazi juani, mianzi yake inachungulia penye udongo uliobanduka.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikatazama upande mwingine kabisa, nikalalamikia jua, nikauliza habari za watoto. Ndipo nikasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo njiani, "Na hiki kipande hapa, ungeniuzia bei gani?" Bei aliyonitajia nitakuambia, lakini si sasa. Kwanza ujue ukuta ule ulikuwa wa nani.

Mama yangu alikuwa akivuka mpaka kufuata biashara Butembo, anakaa huko mwezi, pengine miwili, kwa hiyo nililelewa na mdogo wake. Nilimwita Mama mdogo, na mpaka leo sina jina jingine la kumwita. Hakuwa na mtoto wa kuzaa. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kucha zake hazikutakata hata siku ya kupokea komunyo.

Naamini nawe unao msimu wako ambao pua inaukumbuka kabla ya kichwa. Wangu ni ile wiki kabla ya Noeli, wakati mlima mzima ulipokuwa ukisiriba nyumba. Udongo ulikandwa kwa miguu pamoja na samadi mbichi, kahawa ilikuwa ikikauka kwenye mikeka, na kila ua ulisikia mchi ukitwanga sombe, majani ya muhogo. Kazi yangu ilikuwa maji. Niliyahesabu madumu yakiwa kijitoni, nikayahesabu tena yakifika nyumbani, maana watoto wa jirani walikuwa na mikono mirefu. Malipo yangu yalikuwa bundu, ugali wetu wa muhogo, la moto hata linachoma vidole, na kipande cha samaki mkavu ambacho nilikigawa vipande vingi ili kionekane kingi.

Wanawake wengine walisiriba, wakapiga mkanda mweusi chini na mweupe juu, wakanawa mikono. Mama mdogo ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Udongo mweupe aliutoa kingoni mwa Mto Lubiriha, mwekundu aliuchimba barabara ilipokatwa, na mweusi ulikuwa masizi ya sufuria zetu, ndiyo maana sisi peke yetu hatukusugua sufuria mwaka mzima. Alichora kwa kidole na kwa kijiti kilichotafunwa ncha: wanawake na mizigo ya kuni, tawi la kahawa lenye matunda, lori lenye turubai, limebeba hadi limepinda mgongo. Na ndege. Hasa ndege.

Hakuna aliyemwomba kuchora. Hilo ndilo lililomuuma. Alikwenda kwa katekista kuomba ukuta wa nyuma wa kanisa, akaambiwa nyumba ya Mungu si kibanda cha sinema. Shuleni kwetu mwalimu mkuu alimpa kazi ya ramani ya Uganda; akaichora vizuri, ila akamsimamisha korongo ndani ya ziwa, na Jumatatu tulikuta ramani imepakwa chokaa. Jirani yetu, mama muuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na muhogo, alikuwa akikaa na karai lake la mafuta mkabala na mlango wetu, na alitucheka kila siku bila kukata tiketi.

"Weye unachora Noeli, Noeli nyingine unafuta," alisema. "Sasa hiyo kazi ama ni kitubio?"

"Na weye unapika asubuhi, jioni iko choo," Mama mdogo alimjibu. "Tuko sawa."

Walicheka wote wawili. Lakini mimi nililala naye chumba kimoja, na nilijua kwamba akicheka hivyo mchana, usiku alijigeuza sana kitandani.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, alimchora korongo mkubwa kando ya mlango, chini ya kibaraza ambapo mvua haifiki. Udongo ulikuwa bado mbichi mbuzi wa jirani alipopita akijikuna, pembe yake ikachora mstari kutoka tumboni mwa ndege hadi chini. Mama mdogo alimfukuza kwa kandambili, akarudi, akautazama ule mstari. Alikuwa amechoka. Akachovya kidole kwenye masizi na kuujaza weusi, ukawa mguu wa tatu.

"Ndege gani huyu?" akapaza sauti mama wa kabalagala. "Miguu tatu! Huyu haiko ndege, iko kigoda. Nileteeni nikalie!"

Kijiji kizima kikaanza kutuita watu wa kigoda.

Baada ya Pasaka alisikia kwamba kuna mtu Kasese mwenye hoteli anayetaka picha za kupamba ukumbi. Alichora juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, udongo ameuchanganya na uji wa muhogo ushike. Alivaa kitenge chake cha misa. Mimi nilibeba maboksi. Yule bwana hakuwa mbaya; alituletea hata soda. Akachukua picha ya kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya bawa, kisha akakitazama kidole. Kidole, si picha. Akaomba kitambaa.

"Mama, wageni wangu wanavaa nguo nyeupe," alisema.

Tulirudi na maboksi yetu yote. Maboksi yale aliyafunikia maharage, na Desemba ilipofika alibeba udongo wake wote mweupe, akaumwaga migombani. "Mwaka huu ukuta ni ukuta," akaniambia. Tukasiriba nyumba nzima rangi moja, ya kahawia. Nilimwona anaupapasa ule ukuta kuulainisha, polepole, kama mtu anayemfumba macho maiti. Korongo akaenda chini ya udongo pamoja na wengine.

Siku iliyofuata tulikwenda Kisinga. Mama wa kabalagala alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni, na hakuwa na wa kumpelekea chakula isipokuwa sisi aliotucheka. Tulipanda pikapu ya mizigo, tukamlisha bundu na sombe, akala akilalamika chumvi imepungua, tukajua atapona. Wakati wa kurudi tukakata njia mashambani kuelekea barabarani. Ndipo, mbele ya kijumba kimoja kilichosiribwa karibuni, Mama mdogo akasimama ghafla hata nikamgonga mgongoni.

Ukutani kulikuwa na ndege. Mbaya kweli, nisiseme uongo. Kichwa kikubwa, shingo fupi, kama bata aliyemeza kokwa la parachichi. Nikahesabu miguu. Nikahesabu tena, maana ndiyo tabia yangu. Mitatu.

Mwenye nyumba alitoka na mikono myeupe kwa udongo hadi viwiko, msichana tu, ingawa ameshaolewa. Tukasalimiana, Mama mdogo akaomba maji. Alikunywa kidogo kidogo, macho yake yakiwa ukutani.

"Hii ndege umetoa wapi?" akauliza.

"Iko nyumba moja kule Bwera, mama. Nilipita Noeli ingine, tunaenda soko. Nilisimama pale hata bwana yangu akanikasirikia, akaniacha na muzigo."

"Na huu mguu wa tatu?"

Yule msichana akaona haya. "Sijui sababu. Ule mama alijua. Nilijaribu na miwili, naona ndege anataka kuanguka. Nikaweka wa tatu, akasimama." Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. "Lakini bado haijafika ya ule mama. Ile yake, ukiitazama, unasikia kama itakutazama."

Mimi nilikwishafungua mdomo. Nilikuwa na hesabu yangu tayari: ndege mzima aliyechukuliwa bila kuuliza, hata kama ni kuku mmoja wa fidia, au kilo ya maharage. Mama mdogo alinifinya mkono hadi nikammeza yule kuku.

"Iko muzuri, mwanangu," akamwambia msichana. "Iko muzuri sana." Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, kama tunavyorudisha kwa mtu mkubwa.

Hatukufika mbali, akaketi ukingoni mwa shamba la pamba la mtu na kujifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akalia, halafu vyote viwili vikaenda pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba ndiye yeye.

"Ningesema, angenitazama miye," alinijibu. "Nilitaka aendelee kutazama ndege."

Sijapata kusikia mtu akikataa bei nzuri namna ile.

Tulipofika nyumbani, kabla ya kuvua kandambili, alinituma migombani kuokota udongo mweupe alioumwaga. Niliuokota na majani, na mchwa, na kinyesi cha kuku. Yeye alilowesha ukuta kwa viganja, akachora korongo mahali pake palepale, na safari hii mguu wa tatu aliuchora kwa makusudi, mnono, umejitokeza mbele. Mama wa kabalagala aliporudi kutoka hospitali, akiwa ameshikwa mkono, alisimama njiani.

"Umerudisha kigoda?"

"Nimerudisha."

"Sawa," akasema. "Nilikuwa nawaza nitakaa wapi."

Hakuna mtu mwingine aliyemsifu, kadiri nijuavyo. Si kanisa, si shule, si hoteli. Alichora kila Noeli hadi mikono ilipoanza kutetemeka, na korongo akawa anatetemeka naye. Ukimuuliza, angekwambia kazi yake iko Bwera na Kisinga, kwa sauti ya mtu mwenye matawi mawili ya duka.

Amekufa, na mama wa kabalagala alimfuata. Siku hizi nyumba ni za matofali, na hilo sitalilalamikia; nami nyumba yangu ni ya matofali, sitaki samadi mkononi. Desemba hainuki tena chochote isipokuwa rangi ya dukani. Kile kijumba cha Kisinga nilikitafuta. Pana jengo limepakwa rangi ya kampuni ya simu toka msingi hadi paa, na kinyozi wa hapo hamjui mwanamke yeyote aliyechora ndege. Kila nikipita barabara ile nimebanwa kati ya magunia, nazikodolea macho kuta, upande huu nikienda na upande ule nikirudi. Sijamwona ndege mwenye zaidi ya miguu miwili.

Sasa ile bei. Nilipouliza, kijana alinitazama, akatazama ukuta, akatafuta kasoro yangu iko wapi. "Mama, huo udongo? Kamata tu. Unanipunguzia kazi."

Bure. Maisha yangu yote nimepigania neno hilo, na siku nilipopewa bila kuomba, nilitaka kumpiga kofi. Nilikuwa tayari kuanza juu. Nilitaka anitajie bei ya kunikera, tuvutane hadi jioni, nitoke pale nimeumia mfukoni.

Nilikuwa nimekuja na blanketi, kisu, na mbeba mizigo mmoja wa Mpondwe mwenye mikono ya kuaminika. Korongo alikuwa amefifia lakini amesimama. Tulikata kuzunguka kwake taratibu, kama tunamtoa mtoto usingizini. Kumbe mianzi ya ndani ilikuwa imeliwa yote na mchwa, ukuta ulikuwa umejisimamia wenyewe kwa mazoea. Tulipomwinua tu, akamwagika. Mbeba mizigo alibaki ameshika blanketi, ananiomba radhi kana kwamba amevunja sahani.

Nilipiga magoti, nikachambua. Nimerudi na kipande kimoja, kirefu kama kidole, chenye mstari mweusi wa masizi. Kiko juu ya kabati, nimekifunga kwa leso. Ni mguu, hilo sina shaka. Nimekigeuza huku, nimekigeuza tena. Sijui kama ni mmoja wa ile miwili aliyopewa na Mungu, au ni ule aliopewa na mbuzi.