Mgeni wa Arobaini ya Mama

Arobaini ya mama niliialikia watu kwa mdomo wangu mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Watu wakiniambia kwamba yote yaliyofuata yalikuwa yameandikwa, nawaacha waseme. Kudra naiamini. Lakini aliyepita milangoni akialika ni mimi.

Tulifika Matrah, mji wa bandari wa Waarabu, kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya kule, watu wanne: mama, shangazi, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa ameshafariki zamani. Hatukuwa na pa kulala. Aliyetupa vyumba viwili na ua alikuwa mzee mmoja jirani, aliyefanya biashara ya nguo Unguja ujanani na Kiswahili akikisema kama sisi. Hatukuwa na damu naye, ila tukimwita Ami, na yeye akituita wanawe.

Ndugu yangu alipata kazi ya kuandika mizigo bandarini. Msimamizi wake alikuwa akimwita Mswahili kwa namna ya mtu anayetema kokwa. Hilo alilivumilia karibu mwaka. Siku msimamizi alipomtukania mama, ndugu yangu alimpiga kwa ubao wa sanduku, na yule mtu akapoteza jicho. Sisemi alifanya vyema. Nasema alikuwa na miaka ishirini na mbili, na mama yake alikuwa hai.

Akatiwa ngomeni, ndiyo jela ya mji. Asubuhi yake Ami alivaa kilemba chake kizuri, akaenda kumdhamini. Dhamana yenyewe haikuwa karatasi. Mtu alisimama mbele ya liwali akasema, huyu akikosekana nishikeni mimi, na maneno hayo yalitosha. Ndugu yangu akarudi nyumbani kungoja kesi. Siku ya kesi hakuonekana. Alikuwa amekwenda Batina kujificha kwenye mashamba ya mitende, na hakutuaga hata sisi.

Nilimkasirikia sana, na nilikuwa na haki. Askari walikuja wakamchukua Ami. Mzee yule alikaa siku tisa na chuma miguuni, kisha akatolewa kwa sharti amlete mtu wake au arudi mwenyewe. Alipotoka alikuja kwetu kumjulia hali mama, akanywa kahawa, na hilo jambo hakuligusa kabisa. Nadhani kila mmoja wetu alimwonea mwenzake haya.

Kulikuwa na wanaume waliofanya kazi ya kutafuta watu kama ndugu yangu, wengi wao askari wa zamani, wakilipwa kwa kila mtu waliyemrudisha. Hawakuwa wakihangaika kupanda milima. Walikuwa wakingoja harusi, sikukuu na misiba, kwa sababu walijua aliyejificha miezi sita atatokea siku dada yake anaolewa. Habari zao sote tulizijua. Sura zao ndizo tusizozijua.

Halafu mama akaugua homa, na siku ya nne akafariki. Habari zilimfikia ndugu yangu tumeshazika. Tukakaa matanga siku tatu kama watu wa Matrah wanavyokaa. Kwao siku ya tatu ikipita, mambo yamekwisha, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Sisi watu wa Unguja tuna arobaini. Shangazi alisema hata tukiwa tumekimbia na nguo za mwilini, wifi yake hatamwacha bila ya hitima ya arobaini. Tukauza bangili zangu mbili.

Siku chache kabla, dereva wa lori aliyeleta ndimu kutoka Batina alinipa salamu. Ndugu yangu anakuja. Anakuja mchana, katikati ya watu, atamsomea mama na kuondoka. Nilifurahi mpaka nikaona haya kufurahi.

Ndipo nikatoka kualika. Kwa Ami nilimkuta mkewe, Mwarabu wa Matrah asiyejua Kiswahili sana, amesimama mlangoni. Kwenye baraza alikuwa ameketi mgeni, mtu mzima mwenye ndevu za mvi zilizochongwa vizuri, na kikombe cha kahawa mkononi.

"Arobaini, nini?" mke wa Ami aliniuliza.

Nilimweleza, nusu Kiarabu nusu Kiswahili, na kwa majivuno kidogo, maana nilikuwa nimechoka kufundishwa mila na watu wa Matrah. Nikamwambia siku hiyo watu husoma hitima, na watoto wote wa marehemu hukusanyika, hata aliye mbali.

Yule mgeni akaweka kikombe chini. "Mimi nimekaa Pemba miaka saba, binti," alisema kwa Kiswahili safi. "Arobaini n'naijua. Nimekula pilau za arobaini nyingi."

Kusikia Kiswahili cha Pemba kwenye uchochoro ule nililegea. Na shangazi alikuwa amenilea hivi: ukimkuta mtu kwenye baraza unayoalika, humwaliki mmoja ukamruka mwenzake. Kufanya hivyo ni kumtukana.

"Basi na wewe karibu, baba," nilimwambia. "Ni kwa mama yangu. Baada ya alasiri."

"Nitakuja, inshallah."

Mke wa Ami aliinamisha uso. Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya mama. Nikaondoka mwepesi kabisa.

Siku yenyewe wanaume walijaa uani, wanawake tukajaa chumbani. Kati yetu palikuwa na pazia la mlango, na mimi nilikuwa nyuma yake, nimelishika kidogo kwa vidole viwili. Nilimwona ndugu yangu akiingia. Alikuwa amekonda, jua limemchoma, na kanzu si yake. Alimbusu Ami mkono. Ami alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo kitambo, analia. Kisha wakagawiwa majuzuu, kila mtu lake, na kisomo kikaanza.

Mke wa Ami alisogea karibu yangu kuchungulia. Ghafla akanishika mkono kwa nguvu.

"Nisamehe, mwanangu," alininong'oneza kwa Kiarabu. "Yule pale karibu na mlango wa nje ni mtafuta watu. Mume wangu ndiye aliyemtafuta. Wangemrudisha yeye ngomeni, na hawezi tena. Hawezi."

Nikatazama. Alikuwa mgeni wangu wa baraza. Ameketi vizuri, juzuu mkononi, anasoma. Nitasema kweli, alikuwa akisoma vizuri kuliko wazee wetu wote.

Sikuweza kutoka. Siku zile mwanamke aliye msibani hakupita katikati ya wanaume wageni; ningesimamisha kisomo cha mama yangu kwa macho ya watu tu. Nikamwendea shangazi jikoni, nikamweleza. Alikaa chini juu ya gunia la mchele.

Lakini kabla ya dua, mtoto wa nyumba huja mlango wa jikoni kuchukua chetezo cha udi. Ndugu yangu akaja. Alikuwa mbele yangu, ningeweza kumgusa. Nyuma yangu palikuwa na mlango mdogo wa uchochoroni.

"Toka huku," nilimwambia. "Yule mwenye ndevu ni mtafuta watu. Toka sasa hivi."

Aligeuka akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Nani kamleta?"

"Mimi. Nilimwalika. Sikumjua, wallahi sikumjua."

Nilitaka anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi. Alitazama kule uani, Ami alipokuwa ameketi na miguu yake ameinyoosha kwa sababu vifundo vilikuwa bado vimevimba.

"Nikitoka, wanamchukua yeye."

"Ami nitamwona mimi," nikasema, na sikujua hata nilikuwa na maana gani.

"Utamwonea wapi? Ngomeni?" Akanyoosha mkono. "Nipe chetezo, dada. Kumzika nimekosa. Dua yake siikosi."

Nikampa. Mpaka leo sijui kama ningeweza kumvuta kwa kanzu, kumfungia nje, kumpiga. Makaa yalikuwa yamewaka vizuri, chetezo kikaniunguza, mkono ukakiachia wenyewe.

Dua ikaombwa. Masinia yakapelekwa. Mtafuta watu alikula pamoja na ndugu yangu sinia moja, akanawa, akasubiri kila mtu anawe. Kisha akamshika mkono, vidole ndani ya vidole kama marafiki wanavyotembea, wakatoka. Wanaume walikuwepo zaidi ya thelathini. Hakuna aliyesimama. Sikuwalaumu sana, maana nami nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia.

Wafungwa wa ngomeni walilishwa na jamaa zao. Kila asubuhi nilipika, nikapeleka bakuli mpaka getini. Askari alilichukua, na lile la jana akanirudishia tupu. Ndani sikuruhusiwa. Sikumwona ndugu yangu, sikumsikia. Nilijua yu hai kwa sababu bakuli lilirudi tupu, na siku ya samaki wa nazi lilirudi limefutwa kwa mkate mpaka linang'aa. Ami alikwenda kwa liwali mara tatu kumwombea. Akaniambia jamaa za yule msimamizi wameanza kulainika, labda watasamehe.

Nilikwenda hivyo miezi minne. Asubuhi moja askari alipokea bakuli, akalitazama, akanirudishia limejaa.

"Peleka nyumbani," alisema. "Na kesho usilete."

Nikamuuliza mara mbili kama ni kweli nisilete tena, akaitikia kwa kichwa huku akitazama pembeni. Sikungoja zaidi. Nilikimbia Matrah nzima na buibui limeniteremka mabegani. Nilimwambia shangazi wamesamehe, anatoka leo. Tukafagia ua. Shangazi alitoa kanzu ya ndugu yangu kutoka sandukuni akaifukiza udi. Mimi niliweka maji ya kuoga juani yapate moto, nikatuma watu wamwite Ami aje naye afurahi.

Ndugu yangu walimleta baada ya adhuhuri, watu wanne, wamembeba kwenye jeneza la msikitini. Homa, walisema. Maji ya kuoga yalikuwa yameshapata moto.