Kope za Gari la Mzee Kilomita

Juu ya kila gurudumu la gari la Mzee Kilomita kulikuwa na ukingo mpana wa plastiki nyeusi, uliotokeza nje ya bodi kwa upana wa vidole vinne, ili matairi mapana yasirushe tope na kokoto ovyo. Mafundi wengine huziita kingo hizo fenda za nje. Nyumbani kwake, enzi nyumba ilipokuwa na watu, ziliitwa kope, maana bintiye alisema zinalifanya gari lionekane limesinzia.

Sasa kope hizo zilikuwa zimefikishwa mbele ya hakimu. Hakimu mwenyewe alikuwa fundi bodi, mtu aliyetanguliwa na tumbo, na tumbo likatanguliwa na maneno. Alilizunguka gari akiligonga kwa mpini wa nyundo, sikio ameliinamisha.

"Sikia, mzee. Huku mbele linasema ko, ko. Nyuma kulia, ko. Sasa sikia huku kushoto." Akagonga. Likasema pu. "Kutu hiyo. Chini ya hiki kidude bati limekwisha. Nikikushauri kama mwanao, tuzitoe zote nne, tuunge bati, tupige rangi gari zima, na uweke matairi membamba. Porini huendi tena. Unakwenda sokoni na kurudi. Sokoni kuna tope gani?"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," alijibu Mzee Kilomita.

"Nundu haishiki kutu, mzee."

Mzee akasema atalileta tena kesho.

Jina lake la Kilomita alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwaendesha wapima ardhi, akawapeleka mahali ambapo barabara ilikuwa bado wazo tu kwenye karatasi. Ukimuuliza ndoa yake ilikuwaje, angekujibu kuwa ilikwenda kilomita nyingi bila pancha. Alipostaafu, ofisi ililiuza gari, naye akalinunua mwenyewe, kwa kuona aibu kulikabidhi kwa mtu asiyejua kuwa gia ya tatu hubembelezwa.

Alikuwa akiishi kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alikuwa na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kutundikia koti. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na mpaka leo hakuwa amejifunza kupika wali wa mtu mmoja. Kila jioni ulibaki, na kila asubuhi aliula tena akiulaumu kana kwamba umejipika wenyewe. Redio aliiwasha alipoingia na kuizima alipolala, hata kama haisemi lolote la maana, kwa sababu nyumba ikinyamaza alikuwa akiogopa.

Ukweli ni kwamba kope hakuzipendea tope. Alipokuwa akirudi safari, baada ya miezi miwili au mitatu, bintiye alilitambua gari tangu kona ya mbali. Magari ya ofisi yalikuwa mengi, yote ya buluu, lakini hilo peke yake ndilo lililokuwa na kope. Mtoto alikuwa akitoka mbio mpaka barabarani, anapiga kelele, "Kope! Kope!" Mara ya kwanza alikimbia peku juu ya changarawe, bila kujali, na picha hiyo ndiyo aliyolala nayo Mzee Kilomita usiku mwingi wa upweke wake.

Binti sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa akiishi mji mwingine kwa mumewe. Tangu matanga ya mama yake hakuwa amekuja. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi una mahali pa kuanzia kuomba radhi. Simu zilipungua tu, kama maji ya mtungi uliopasuka mahali usipopaona. Kisha baba akahama, akaona haya kupiga simu kwa ajili ya kusema amehama. Akajiambia kuwa mtoto akija siku moja, akipita mtaa huu akitafutatafuta, ataliona gari nje ya duka, na atajua kwamba baba yake yumo ndani. Ndiyo maana akaling'ang'ania kama lilivyo. Likinyolewa kope litafanana na magari mengine yote, naye atabaki mzee mmoja tu kati ya wazee.

Kesho yake alirudi kwa fundi na uamuzi wa mtu mwoga. "Toa huu mmoja wa nyuma kushoto. Utibu, kisha urudishe palepale."

"Mficha maradhi, mzee," alianza fundi, lakini methali hakuimaliza, akachukua bisibisi.

Skrubu nne zilikubali. Mbili zilizobaki alizikata kwa mashine, cheche zikaruka, na ukope ukaanguka chini. Bati la chini yake lilikuwa limetoboka kama majani yaliyoliwa na wadudu. Kwenye ukingo wake kulikuwa na vipande vya kitu laini, vyeusi kwa uchafu. Fundi akavichokoa kimoja kimoja.

"Nani alikufungia hizi? Hapa huwekwa utepe wa mpira mgumu, maji yasipite. Huyu kaweka sponji! Imekunywa maji miaka yote na kulinywesha bati. Fundi gani huyu?"

"Nilifunga mwenyewe," alisema Mzee Kilomita. "Utepe uliniishia hapo. Nikaacha skrubu zimelegea, nikalala. Asubuhi nilikuta pamejazwa. Nikadhani ni msaidizi wangu wa safari, hata nikamshukuru, naye akaitikia."

Fundi alikuwa akivisuuza vipande kwenye ndoo, kwa udadisi tu. Vilikuwa vya buluu upande mmoja na vyeupe upande wa pili, vimekatwa kwa kisu butu. Kimoja kilikuwa na tundu la kupitisha kanda. Akavipanga juu ya boneti, akavigeuza, akavisogeza, na zikatokea nyayo mbili ndogo.

"Mzee, hizi ni kandambili za mtoto."

Mzee Kilomita akakalia ndoo iliyokuwa karibu, na bahati yake fundi alikuwa ameshaigeuza.

Asubuhi ile, miaka ishirini na mitano nyuma, mtoto wa miaka tisa alisimama mlangoni bila viatu. Baba alikuwa na haraka. "Kandambili zako ziko wapi?" Mtoto akasema hajui. Baba akamfokea, akamwita mpotevu, na kabla ya kuondoka akamwagiza mama: asinunuliwe nyingine mpaka nirudi. Akarudi baada ya miezi mitatu, mtoto akaja mbio barabarani, peku. Hata hivyo hakukumbuka kama siku hiyo alimnunulia nyingine. Alijaribu sana kukumbuka, pale juu ya ndoo, na hakuweza, na hilo ndilo lililomliza.

Fundi akaenda kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Simu ya bintiye iliita mara nyingi kabla haijapokelewa.

"Shikamoo, baba. Nani amefariki?"

"Hakuna. Wote wazima." Akajikaza. "Nimeona kandambili zako."

Mzee akaitoa simu sikioni, akaitazama. Akadhani salio limekwisha.

"Kumbe zilikaa," alisema binti.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na haraka. Na niliogopa ungesema nimeharibu gari la ofisi."

"Ningesema," alikiri baba. "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe."

Binti aliuliza, "Umehama, eti?"

"Miaka miwili sasa. Nani kakwambia?"

"Shangazi." Akapumua. "Gari bado lina kope?"

"Nazitoa leo. Zinalila bati. Lakini mahali zilipofunika, rangi haijapauka, ile buluu ya zamani ipo vilevile. Ukiwa mbali unaziona kama zipo. Na nitakuwa nasimama barabarani mwenyewe, ukija."

Alisikia sauti ya sahani upande wa pili, na mtoto akiita mama.

"Basi usilipake rangi, baba," alisema binti. "Usilipake mpaka nije."

Fundi aliporudi alikuta kope tatu zilizobaki zimeshalegezwa skrubu, na mzee anafuta boneti kwa mkono wa shati, vipande vya kandambili vimefungwa kwenye leso.

"Zote nne," alisema Mzee Kilomita. "Unga bati, ulipige dawa ya kutu hapo tu. Rangi tuache."

"Tuache mpaka lini?"

"Hakusema," alijibu mzee.