Patroba Atafuta wa Kumpinga

Tangu Patroba aanze kusomea theolojia huko Dallas, Marekani, Wakenya wa mji jirani wa Lewisville walikuwa wameshaamua kwamba huyo ni pastor. Alipowaeleza kwamba hasomei uchungaji, kwamba anaandika tasnifu juu ya padri mmoja wa Florence, Italia, aliyeishi zaidi ya miaka mia tano iliyopita, waliitikia, "Sawa, Pastor," kisha wakamwomba abariki gari jipya.

Padri huyo alikuwa amemkaa kichwani. Hebu fikiria: mtu wa Kanisa, anatumia miaka na miaka kumtafsiri Plato, mpagani, akishikilia kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa Wagiriki falsafa ili waje kumpokea Kristo! Tena alisema roho ya mtu imesimama katikati, kati ya dunia na mbingu, na kila kitu kizuri inachokiona kinaifanya itamani kurudi kwa Mungu.

Lakini profesa alikuwa amemrudishia kazi yake. "Haijapingwa na mtu hata mmoja," alimwambia. "Jumatatu jopo la watahini litakubana. Tafuta watu wakubishie kwanza, la sivyo utafeli."

Ndiyo maana Jumamosi hiyo Patroba alisimama sebuleni kwa Otieno, dereva wa malori, ambako watu walikutana kwa maombi.

"Ndugu zangu, leo sihubiri. Nataka mnipinge."

"Amina!"

"Plato aliwaandalia Wagiriki njia ya Kristo, kama Musa alivyowaandalia Wayahudi."

"Amina! Endelea, Pastor!"

"Otieno, wewe unakubali tu hivyo?"

"Mimi nibishane na mtumishi wa Mungu? Kesho nina-drive mpaka Houston, bwana. Sitaki laana barabarani."

Watu wakacheka. Patroba akahisi damu inampanda kichwani. Akaamua kuwatupia jambo ambalo Kanisa lililikataa zamani sana, ambalo hata padri wake wa Florence alilikwepa.

"Basi roho zenu ziliishi huko juu kabla hamjazaliwa, zikaanguka ndani ya miili kama wafungwa!"

"Kweli kabisa," akasema Bernadette, mke wa Otieno, macho ameyafumba.

"Kweli nini, shemeji? Huo ni uzushi! Nimewadanganya na nyote mmeitikia!"

Jikoni chapati ilianza kuungua.

"Masomo yamemchosha," Bernadette akanong'ona. "Tumwombee."

Wakamzunguka, wakamwekea mikono mabegani na kichwani, wakaikemea roho ya ubishi imtoke. Patroba alisimama katikati yao amekaza meno, karibu alie kwa hasira.

Walipomaliza, Immaculate, nesi aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, alikuwa bado amekaa kwenye kochi. Hakuwa ameinuka kumwombea.

"Pastor, mimi kuna kitu sijashika," akasema. "Kama roho yenyewe inaona vitu vizuri na kutamani kurudi kwa Mungu, Yesu alikuja kufanya nini? Si ingejiendea tu?"

Ukurasa baada ya ukurasa wa tasnifu ulimpita Patroba akilini, na hakuna hata mmoja uliolijibu swali hilo.

"Haya, mwacheni Pastor ale," akasema Otieno, akimletea sahani.

"Sili," Patroba akasema, akavuta kiti mbele ya Immaculate. "Rudia. Polepole."