Barafu Zilizoyeyuka kwa Ajili ya Baba

Mimi nina hasira za karibu, na watu wa mtaa wetu wa Mahabibo wanalijua hilo kuliko ninavyolijua mwenyewe. Miaka ile nilifanya kazi katika duka dogo la kutengeneza filamu za harusi, lenye kompyuta mbili na feni moja, na aliyezionja hasira zangu kuliko wote ni jirani yetu muuza barafu. Alikuwa na jenereta lililonguruma mlangoni kwake kila umeme ulipokatika, na umeme wa Mahajanga ulikatika kila ulipojisikia. Nilimfokea, nikalibamiza dirisha, naye akanipungia mkono tu.

Mwaka mmoja aliolewa mdogo wangu. Baba yetu alikuwa kwetu Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, alikofanya kazi katika kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alimkataza safari. Ikabidi ampe baba mdogo uwakili kwa simu, amwoze binti yake kwa niaba yake.

"Basi nileteeni harusi nami niione," baba akaniambia. Nikacheka, kisha nikaenda kulia uani. Nilijua hatuna muda mrefu naye.

Filamu nikaitengeneza mwenyewe. Shangazi, dada yake baba, alikaa nyuma yangu akitoa amri. Wanawake wakicheza, weka. Dhahabu, weka, tena kwa karibu. Tulipofika msikitini, pale ndoa inapofungwa, akapiga miayo.

"Toa hapo. Nani anataka kutazama ndevu?"

Nikatoa. Ndivyo wateja wetu wote walivyopenda, na kubishana na shangazi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Siku ya mwisho kabla ya safari yangu ya kwenda kwa baba, asubuhi na mapema, nikaiacha kompyuta iipike filamu. Sisi tuliita kupika: mashine inaviunganisha vipande vyote viwe kitu kimoja, kwa saa nyingi, na ikikatizwa huna budi kuanza upya. Ilikuwa imebaki kidogo tu, adhuhuri, umeme ukakatika. Betri ya akiba ikalia mara mbili, ikanyamaza. Nikalaani kwa lugha zote nilizokuwa nazo: Kimalagasi cha kila siku, Kifaransa cha kazini na Kikomoro cha nyumbani, ambacho kwetu kilikuwa kimebaki kwa ajili ya hasira na dua.

Muuza barafu akaja mlangoni.

"Leo mbona unaipigia kelele kompyuta? Zamu yangu imekwisha?"

Safari hii sikumfokea. Nikamweleza habari za baba, na kwamba gari langu linaondoka alfajiri. Jenereta lake lilikuwa dogo, haliwezi kubeba friza na kompyuta kwa pamoja. Akaligeukia friza lake, kisha akanitazama mimi.

"Barafu nitagandisha tena kesho," akasema. "Baba yako je?"

Akaanza kuvuta waya kupita juu ya mtaro. Mtu niliyemtukana mwaka mzima! Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze kwanza.

Barafu zake hakuziacha zimwagike bure. Aliwaita watu wa uchochoroni waje wale, na mimi akanipa ya ukwaju. Alipomaliza kuunga nyaya tukakaa kizingitini kungoja kompyuta iwake.

"Na mdogo wako nani alimwoza?" akauliza.

"Baba mdogo, kwa idhini ya baba."

"Alhamdulillahi. Basi mzee atalisikia jina lake likitajwa."

Barafu ikanidondokea kwenye kanga. Jina la baba lilitajwa mahali pamoja tu katika harusi nzima, na mahali penyewe ni kwenye zile ndevu.

Nikaingia ndani, nikazirudisha ndevu zote, ndipo nikaanza kupika upya. Jenereta likanguruma mchana kutwa, na sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Magharibi inaingia, diski ilikuwa mkononi mwangu, ingali na joto. Namshukuru Mungu hadi leo kwa umeme ule kukatika, maana ungeendelea kuwaka ningempelekea baba ngoma na bangili.

Nilifika Dzamandzar nimechoka na gari na boti, nikakuta umeme hakuna. Nilikuwa nimeazima kompyuta ndogo ya kubeba ya pale dukani, lakini betri yake ilikuwa imezeeka. Tukamwegemeza baba kwenye mito. Ngoma hazijachanganya, taa nyekundu ikaanza kumeta.

"Inazimika, baba."

"Nipeleke msikitini."

Nikaruka ngoma zote na dhahabu yote. Baba mdogo akatokea, ameshikana mkono na bwana harusi. Akatamka kwamba anamwoza mdogo wangu kwa idhini ya baba yake, akalitaja jina la baba. Baba akautoa mkono ndani ya shuka, akaunyoosha kuelekea kwenye kioo.

"Nimeridhia," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekaa safu ya mbele.

Kioo kikawa cheusi.

Umeme uliporudi nilimuuliza kama anataka kuona yaliyobaki. "Ya nini? Dhahabu shangazi yako atanisimulia mpaka niombe radhi." Hakujaaliwa kuiona Ramadhani iliyofuata.

Baada ya matanga nikarudi Mahabibo. Umeme ulikuwa umekatika, na muuza barafu alikuwa ameliinamia jenereta mlangoni kwake. Alinipa pole, kisha akauliza neno moja tu.

"Alilisikia?"

"Alilisikia."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta kamba, jenereta likanguruma. Nilipoingia dukani nikamwona ananitazama, anangoja nifoke. Nikalifungua dirisha lote.