Mdhamini Wangu wa Biliqo

Siku niliyoulizwa jina la babu yangu na watu ambao sikuwahi kuwaona, nilikuwa nimekalia gunia la saruji katika duka la baba yangu mjini Isiolo, simu mkononi na digrii kichwani. Digrii naitaja kwa sababu siku hizo niliitaja kila mahali, hata kwa watu waliokuja kununua misumari.

Nilikuwa nimepata kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuwatafutia wengine kazi. Kampuni moja ya Nairobi, iliyojaa vijana wa viatu vyeupe, ilihitaji watengenezaji programu kutoka kaskazini. Tangu serikali za kaunti zije, kila mwenye mradi huku kwetu alitaka kuonekana anafanya kazi na wenyeji, na kampuni ilikuwa imewaahidi wateja wake kwamba wenyeji inao. Haikuwa nao hata mmoja. Ndipo nikaajiriwa mimi, Mmeru wa Isiolo, binti wa muuza vifaa vya ujenzi, nikapewa miezi mitatu niwalete watu watano. Nikishindwa, nirudi kwenye gunia langu.

Mkubwa wangu alikuwa mdogo wangu kwa umri. Alinifundisha kwa simu ya video jinsi ya kuaminiwa na watu wa mtandaoni. Siku saba za kwanza usiombe kitu. Cheka kila mzaha. Sema "tuko pamoja" hata kama hujui mko pamoja wapi. Sema "sisi", usiseme "nyinyi". Siku ya nane, taja kazi. Hayo yote aliyaita kujenga jamii. Baba, aliyekuwa akipima misumari huku masikio yakiwa kwetu, alingoja simu ikatike.

"Hiyo kwetu inaitwa kuiba kuku," alisema. "Unamrushia mahindi kidogo kidogo mpaka akuzoee."

Fundi mmoja wa simu alinipa linki ya kundi la watu wa programu. Walikuwa wametapakaa kutoka Isiolo mjini hadi Merti na Garba Tulla, wengi wao Waborana na Wasomali, wengine Waturkana. Siku ya kwanza nilicheka mzaha ambao sikuuelewa. Siku ya pili nikaandika "tuko pamoja". Siku ya tatu msimamizi wa kundi, mwalimu wa kompyuta aliyeishi mtaa wa Chechelesi na ambaye wote walimwita Mwenyekiti, aliniandikia mbele ya kila mtu.

"Madam, umecheka mara kumi na moja na haujaandika hata mstari moja ya programu. Wewe ni wale wa kutafuta watu?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa: "Sisi sote ni watafutaji."

"Sawa," akaandika. "Ijumaa baada ya swala, kamati."

Nilidhani ni utani. Kumbe kamati ilikuwepo, na ilikuwa kazini kuliko kamati nyingi za mji huu. Ili nieleweke, lazima niseme walikoitoa. Karibu kila mmoja wao, alipofika umri wa kitambulisho, alisimamishwa mbele ya meza ndefu ya wazee, chifu na maafisa, akapigwa msasa athibitishe kwamba ni Mkenya. Ukoo gani? Babu alizikwa wapi? Mifugo yenu hunywa kisima gani? Nani hapa anakujua? Wengine walirudi mezani hapo mara tatu au nne. Mimi kitambulisho changu nilikipata kwa barua ya chifu na vidole vyeusi kwa wino, nikawahi chakula cha mchana nyumbani. Nilisoma darasa moja na watu wa jamii zao, tukaazimana rula, na sikuwahi kuuliza walikuwa wakipotelea wapi wiki nzima nzima. Basi wale wa kundi, baada ya kuchekechwa hivyo, walijua kuchekecha. Waliichukua kamati ile kama ilivyo wakaileta kwenye kundi, na kila aliyekuja na kazi mkononi alipita mbele yake.

Ijumaa ilifika. Swali la kwanza likawa jina la babu yangu. Nikaandika. La pili, alizikwa wapi. Hapo nikagundua kwamba sijui, nikamuuliza baba.

"Kwani wanataka kumfufua?" akasema. Lakini aliacha kazi, akakaa kwenye gunia la pili, akanieleza shamba lenyewe na mti uliopandwa hapo, jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Nikaandika: Ruiri, shambani kwake.

Wakauliza aliyenituma. Nikamtaja. Wakauliza mshahara utakuwa shilingi ngapi. Mwongozo wa mkubwa ulitaka niseme ni mshahara wa kuvutia, lakini joto lilikuwa limeshachoma mabati na mimi, na nilikuwa nimechoka kuwa mjanja. Nikaandika: "Sijui. Hawajaniambia." Mkataba ni wa muda gani? "Sijui." Mtu wa Merti atafanyia kazi Merti ama atahamishwa? "Sijui."

Mwenyekiti akaandika: "Nani anamdhamini huyu madam?"

Baba aliuza toroli, akabishania bei yake, akaifunga kwa pikipiki ya mteja, na bado hakuna aliyejibu. Nilianza kuona aibu, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba niliona wana haki. Kisha likaja neno moja kutoka Biliqo, kijiji cha upande wa Merti: "Mimi."

Huyo wa Biliqo alijulikana na kundi zima. Alikuwa amesoma stashahada ya kompyuta, akarudi kwao baba yake alipopofuka. Alichaji simu za watu kwa sola. Mtandao kwao ulishika vizuri karibu na tangi la maji la kisima, basi hapo ndipo alipokaa na kompyuta yake isiyo na kitufe cha M, herufi aliyoinakili kila alipoihitaji. Maswali ya wanafunzi wapya, yale ya kijinga ambayo watu wa mjini walijifanya hawayaoni, aliyajibu yote, moja moja, bila kejeli. Ofisi hakuwa nayo, wala wenzake wa kazi. Alikuwa na kundi hilo.

Wakamuuliza kwa nini ananidhamini.

"Mtu anataka kukuuzia ng'ombe mgonjwa hawezi sema sijui," akaandika. "Huyu amesema mara tatu."

Mwenyekiti akamkumbusha sheria. "Unajua. Mgeni akituharibia, ni mdhamini anatoka. Mgeni tunamwacha, abaki akiona haya." Nilicheka kwa sauti pale dukani. Niliona ni mchezo wa vijana walioigiza wazee. Wa Biliqo hakucheka, akaandika kwamba sheria anaijua.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko nilivyostahili. Niliacha kuhesabu siku saba. Nilimwomba anifundishe, akanifundisha, mstari kwa mstari, akingoja nikosee ndipo aseme. Ukurasa wangu wa kwanza ulionyesha neno "Habari" na hakuna kingine, naye akausifu kana kwamba nimejenga daraja la mto Ewaso. Nikaanza kuandika "sisi" bila kukumbuka kwamba nilifundishwa kuandika hivyo.

Wiki ya mwisho ya miezi yangu mitatu, mkubwa akanitumia mtihani wa kuwapa. "Kadogo tu," alisema. Ulikuwa na kurasa kumi na tisa. Mtahiniwa alitakiwa, kwa siku tatu, atengeneze mfumo mzima wa kusajili mifugo: mwenye mnyama, rangi, alama, chanjo, na ufanye kazi hata kwenye simu kuukuu. Nikauweka kwenye kundi.

"Madam," akauliza Mwenyekiti, "hii ni mtihani ama ni kazi?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Jibu la kweli lilikuwa neno lile lile nililolitumia mara tatu siku ya kamati, na lilikuwa bado halijaisha. Lakini siku zilizobaki zilikuwa tano, na nilishawaambia marafiki wote kwamba nina kazi ya kampuni ya Nairobi. Nikaandika: "Ni mtihani tu. Ondoeni shaka."

Wakaondoa shaka. Saba wakaufanya. Wa Biliqo alimaliza wa kwanza, ingawa kila mifugo ilipokuja kunywa alilazimika kuhama na kompyuta yake. Mahali pa mifano alikuwa ameweka ng'ombe wa mama yake. Wa kwanza aliitwa Diima, yaani mwekundu, na kwenye nafasi ya maelezo aliandika: "Pembe moja. Mkaidi. Hupenda kusimama kivulini kwa tangi." Nilisoma nikacheka peke yangu, nikautuma Nairobi.

Nairobi ikajibu, "Tutawasiliana nanyi." Haikuwasiliana. Mimi, ambaye sikuwa nimepeleka hata mtu mmoja, nikaongezewa mkataba. Mwenye akili angejiuliza ni kwa nini. Mimi nilinunua keki.

Baada ya miezi miwili nilitumwa kwenye hoteli moja mjini, nikae mlangoni niandike majina ya wageni. Mteja wa kampuni alikuwa akizindua mfumo mpya. Kulikuwa na hema jeupe, chupa za maji, na hotuba nyingi kuhusu vipaji vya kaskazini. Vipaji vyenyewe havikualikwa. Mkubwa wangu alikuja kwa gari la kampuni, na kabla ya saa sita viatu vyake vilikuwa vimekubali rangi ya mji. Taa zikazimwa, projekta ikawashwa, na mgeni wa heshima akaombwa abonyeze kitufe aone mfano wa mnyama aliyesajiliwa.

Kwenye kitambaa cheupe akatokea Diima. Pembe moja. Mkaidi. Hupenda kusimama kivulini kwa tangi.

Watu walifurahi sana. Mzee mmoja mwenye kofia alisema kwa sauti kwamba huyo ng'ombe ni wa kweli kabisa, na wote wakapiga makofi. Mkubwa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilimfuata penye chupa za maji.

"Huyu ng'ombe ametoka wapi?"

"Ni mfano tu. Data ya majaribio."

"Na aliyeandika mfumo?"

"Jamii," akasema, akinywa maji. "Si unakumbuka, tulijenga na jamii."

Nilitoka nje ya hema kwa hasira. Kwa uaminifu niseme pia kwamba niliogopa. Hakuna mtu wa kundi aliyekuwa hemani. Nikinyamaza, huenda wasijue kamwe, na wa Biliqo angebaki mahali pake. Nikisema, atatolewa yeye, si mimi. Watu husema mdomo huponza kichwa, na mimi mdomo wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine. Nikampigia simu. Kabla ya hapo hatukuwa tumesikiana sauti.

Nilimweleza yote. Nyuma yake nilisikia kengele za ng'ombe na mtu akipiga mluzi.

"Walionyesha ile pembe moja?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi hawajabadilisha kitu." Kisha akasema, "Andika kwa kundi."

"Watakutoa."

"Najua. Ni mimi nilisimama."

"Nitawaambia hukujua chochote."

"Dada, mdhamini hasemi hakujua," akasema. "Kujua ndio kazi yake."

Niliandika palepale, nimesimama kwenye jua, nikamtumia mkubwa barua ya kuacha kazi kwa simu hiyo hiyo. Akanijibu kwamba nitabaki kuwa familia. Kundi halikuwa na maneno matamu kama hayo. Mchana kutwa wanafunzi wapya walimwombea mtu wao msamaha, mmoja baada ya mwingine, na yeye mwenyewe hakujitetea hata kwa nukta. Jioni, kabla ya magharibi, tukaona ule mstari mdogo unaosema nambari fulani imeondolewa. Kisha Mwenyekiti akaandika: "Sheria si yangu. Nilipitishwa kwayo pia."

Mimi niliachwa. Nilijaribu kutoka mwenyewe siku hiyo hiyo, Mwenyekiti akanirudisha. Nikatoka tena, akanirudisha tena, bila neno. Ndipo nilipoielewa sheria niliyoicheka dukani.

Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini ukurasa wake haufunguki kwenye simu ya zamani. Hakuna aliyejibu. Nadhani kila mtu alifanya kama alivyozoea, akangoja wa Biliqo ajibu. Saa moja ikapita. Jibu nililijua nusu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha hiyo nusu, basi nikampigia aniambie iliyobaki. Alinieleza taratibu, akanifanya nirudie, akasema nimuonye mwanafunzi kuhusu ukubwa wa picha. Sauti yake haikuwa na kinyongo, na hilo lilinikera, kwa maana kinyongo ningejua la kukifanyia.

Nilipotaka kuaga akasema, "Ile siku ya mtihani, Mwenyekiti alikuuliza. Ungesema tu sijui."

"Ningefutwa kazi."

"Eeh," akasema. "Na mimi ningekuwa kwa kundi."

Nikamsikia akimfukuza Diima kivulini, kisha simu ikakatika.