Sikio na Mke wa Kitabuni

Pale kwenye safu ya mafundi bati, sanduku halikuitwa zima mpaka mzee Sikio aseme. Ungeweza kuliona limenyooka, limechorwa maua, komeo linang'aa, lakini kama Sikio hajaligonga, mnunuzi alisimama tu na pochi yake mkononi. Basi mzee angeinama, akaligonga kwa fundo la kidole, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Kisha angesema, "Mshono umelala vibaya, kona ya chini, upande wa bawaba. Mvua ya kwanza tu, nguo zako zitaogelea." Likifunguliwa, ndivyo lilivyo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Hata wake za wenzake walimwita Shemeji Sikio, naye aliitika kifua mbele.

Lakini alikuwa na siri. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Lilizimika polepole kama jiko linaloishiwa mkaa, nyundo ya leo ikichukua kidogo, ya kesho ikichukua kidogo, mpaka asubuhi moja akajikuta amelilalia la kushoto na dunia yote imenyamaza. Alikaa vile vile kitandani, anaogopa kugeuka. Tangu hapo akajifunza ujanja. Benchi alikaa mwisho, upande wa ukuta. Akiitwa, aligeuza shingo kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka. Wenzake wakicheka, naye alicheka. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Angeanzaje? Fundi anayeitwa Sikio akisema sikio limekufa, ni sawa na mpishi kutangaza kwamba hana ulimi.

Asubuhi pale ilikuwa vita ya nyundo. Alasiri ndipo watu walipopumua, kwa sababu kazi za alasiri ni za mkono mwepesi: kulehemu, kupaka rangi, kufunga bawaba. Redio yao ilipokufa, alasiri zikawa ndefu kama deni. Ndipo Mchoraji, yule binti anayechora maua kwenye masanduku, alipokuja na habari ya vitabu vya kusikiliza kwenye simu.

"Mtu anakusomea kitabu kizima, wewe mikono iko kazini," alisema.

Apu zenyewe zilikuwa tatu. Moja ilikuwa rahisi kama karanga. Ya pili ulinunua kitabu kimoja kimoja. Ya tatu ulilipa kila mwezi, na bei yake ilimfanya Mbishi ashike kichwa kwa mikono miwili. Mbishi ni fundi wa banda la jirani, mtu anayeweza kugombana na kivuli chake kwamba kimetangulia.

"Kwa pesa hiyo," alisema Mbishi, "huyo msomaji aje nyumbani anisomee nimelala, na miguu anikande."

"Rahisi huvunja upishi, mzee," Mchoraji alimjibu.

"Mimi sipiki, binti. Nasikiliza."

Tena haikuwa bei ya mtu mmoja. Ukiiacha simu iseme peke yake, uwanja uliimeza sauti yake kama mchanga unavyomeza tone. Kwa hiyo kila fundi angehitaji apu kwenye simu yake, na visikilizio vyake vya kuchomeka masikioni. Zidisha bei kwa vichwa vyote vya pale, utaelewa kwa nini hata wapole walianza kupaza sauti.

"Jamani, tunagombania nini?" mtu mmoja akasema. "Si tuna Sikio? Apewe asikilize zote tatu, atuambie ipi ina sauti ya kulipiwa."

Wote wakasema hewaa. Sikio akapokea simu ya Mchoraji na visikilizio vyake kwa tabasamu.

Jioni alikaa pembeni mwa kitanda huku mkewe akikunja nguo. Kila apu ilikuwa na sura ya kwanza ya bure. Visikilizio akavichomeka vyote viwili, cha kulia kwa heshima tu.

Apu ile rahisi ilisoma kama mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji. Kisa kilipofika mazishini, jeneza likiwa linashushwa, likaingia tangazo la sabuni, na watu wakaimba kwa furaha. Ile ya pili sauti yake ilikuwa safi, ila msomaji alikimbia kama anafukuzwa na mbwa, nukta zote anaziruka. Ya tatu sasa! Kilikuwa kisa cha mume na mke wanaogombania nyumba waliyoijenga pamoja. Sauti ya mume ilikuwa karibu mno, ungedhani kakaa hapo kwenye mto. "Nani alibeba mawe?" mume aliuliza. Kimya. "Si kweli!" Kimya. "Na hilo nalo unalisema mbele ya watoto?" Kimya kirefu.

Sikio akatikisa kichwa. Apu ghali kuliko zote, na nusu ya maneno wameiba!

Kesho yake akatoa hukumu mbele ya wote. Kwa bahati mbaya, Mwenye Maduka naye alikuwepo, yule mnunuzi mkubwa wa masanduku ya wanafunzi. Alikuja kuagiza mzigo wa muhula mpya, na kama kawaida yake hakuchukua hata sanduku moja kabla Sikio hajaligonga.

"Ile ghali ni wizi mtupu," Sikio alisema. "Mume anaongea peke yake kama kichaa. Mke hasemi hata neno."

Mchoraji akaacha brashi hewani. "Mke hasemi? Mzee, mke ndiye kaongea mpaka mume kakosa pa kushika!"

Mbishi akanyakua visikilizio. Akasikiliza. Meno yakaanza kuonekana moja moja, kisha akapasuka kwa kicheko. "Huyu mama ana mdomo kama cherehani! Sikio, umesikia nini wewe? Au limeota kutu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii Sikio hakuweza kucheka nao. Mwenye Maduka hakucheka pia, na hilo ndilo lililomuuma Sikio zaidi. Alilitazama sanduku miguuni pake, akamtazama Sikio, akasema kwa adabu, "Nitapita kesho, mzee. Kama kuna mtu mwingine anayejua kugonga, mniambie." Akaondoka.

Sikio alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba sanduku lenye mawe. Mkewe alimtazama mara moja tu.

"Nani kafa?"

"Jina langu," alisema, kisha akayamwaga yote, mume wa kitabuni, mke bubu, kicheko. Alipofika kwenye sikio lenyewe, akaligusa. "La kulia, mama watoto. Halisikii."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mume wangu, kwa nini unadhani miaka yote hii natembea kushoto kwako? Napenda jua la upande huo?" Akaweka nguo chini. "Mficha maradhi, kifo humfichua. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Umenichosha kungoja."

Mkewe akaichukua ile simu ya Mchoraji, ambayo Sikio alikuwa bado nayo mfukoni. Kisikilizio cha kushoto akamchomeka mumewe, cha kulia akachomeka sikioni mwake, wakakaa bega kwa bega na waya katikati. Mume wa kitabuni akauliza nani alibeba mawe. Kimya. Lakini mkewe hapo pembeni akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Anasema, 'Mawe nilibeba mimi, wewe ulibeba kofia yako.' Kumbe sauti wamezigawa! Mume wamemweka kushoto, mke kulia. Ndiyo maana huko kwako mke hasemi."

"Wamemweka upande wa makaburini," Sikio alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Kisha akaichomoa waya, akaigeuza simu juu chini, akaitazama ile spika yake ndogo. "Tundu ni moja," alisema.

"Tundu gani?"

"Huku nje wote wawili wanatokea tundu moja. Wanakosa koo la kupazia sauti tu."

Asubuhi wenzake walimkuta anakata bati. Alichora duara, akakata, akakunja faneli yenye mdomo mpana kama sinia na shingo nyembamba, chini akaitengenezea kikao cha simu.

"Sasa tunauza matarumbeta?" Mbishi aliuliza.

Nyundo za asubuhi zilipotulia, Mwenye Maduka akaingia kama alivyoahidi, akasimama pembeni na lile sanduku la jana. Sikio alimwona. Alifuta mikono, akapanda juu ya benchi, magoti yakimlalamikia.

"Jamani, jana mlicheka, na mlikuwa na haki. Sikio langu la kulia limekufa. Nimelizika zamani, sikuwaalika mazishini, mnisamehe. Lakini la kushoto liko hai. Sasa nyamazeni."

Hakuna aliyecheka. Akaikalisha simu kwenye bati. Apu ya kwanza ikatoka: lile tangi la maji likawa kisima, na tangazo la sabuni likawafanya watu wazibe masikio. "Debe tupu hilo," Mchoraji alisema. Ya pili ikapita mbio, Mbishi mwenyewe akalalamika, "Huyu anawahi wapi?" Sikio akafungua ya tatu. Sauti ikajaa uwanja, ila ndani yake kulikuwa na mtetemo, zzz, kama nzi.

"Ndiyo hiyo nzuri?" Mbishi akaanza.

Sikio aliinua mkono. Akasogeza shavu la kushoto waziwazi, mbele ya macho yote, akaligonga bati juu, ubavuni, shingoni. Ko, ko, kha. "Hapa." Akakaza mkunjo kwa nyundo ya mbao, akazungushia kitambaa kwenye shingo. Nzi akafa.

Na mke wa kitabuni akasema. Alisema kuhusu mawe, kuhusu maji aliyochota ya kukorogea udongo, kuhusu kofia. Kila neno lilifika mpaka banda la mwisho. Wanawake wa kupaka rangi wakapiga vigelegele, fundi mmoja aliyegombana na mkewe asubuhi akajifanya anatafuta msumari.

"Tunachukua hii," Mchoraji alisema. "Na kwa bati hili simu moja inatosha, malipo ni ya mtu mmoja, tunagawana wote."

Mbishi alihesabu kwa vidole, akarudia, kana kwamba vidole vinamdanganya. "Tukigawana, ghali inakuwa rahisi kuliko ile rahisi," alisema kwa huzuni, maana alikosa cha kubisha. Kisha akampa Sikio mkono. "Sikio ni Sikio, bwana. Hata likiwa moja."

Mwenye Maduka akasogea na sanduku lile, akaliweka mbele ya mzee, upande wa kushoto. Sikio akaligonga. "Zima. Ila ribiti, kimsumari cha pili cha mpini, irudiwe." Mwenye Maduka akautikisa mpini, ribiti ikacheza. Akaagiza mzigo wote hapo hapo, na faneli moja ya duka lake.

Siku hiyo mke wa Sikio alikuja kumchukua, akakuta mke wa kitabuni bado anasema na mafundi wamekaa kimya kama wanafunzi. Akaketi kushoto kwa mumewe mpaka sura ikaisha.

"Umemsikia?" aliuliza.

"Nimemsikia."

"Yote?"

"Yote, mke wangu," alisema Sikio. "Hata yale yaliyonihusu."